Mwalimu, Joho na Kombati

Sisi tuliomaliza form six tukaenda JKT kwa mujibu wa sheria tunakumbuka filimbi ya alfajiri na kwata la juani. Lakini habari ya kombati na chuo kikuu ni ya zamani, na imeshikana na maisha ya mtu mmoja: Julius Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito. Akasoma Tabora, Makerere, halafu Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Jeshini hakupita, alikuwa mwalimu tu. Januari 1964 ikamtikisa: askari wa Tanganyika Rifles waliasi, ikabidi aombe makomando wa Uingereza wawazime. Jeshi lile akalivunja. JWTZ ikazaliwa 1 Septemba 1964, na JKT, iliyoanzishwa 1963, ikawa mlango wa vijana kuingia humo.

Mwaka 1966 zamu ya wasomi ikafika. Serikali ilitaka wahitimu watumikie miaka 2: kwanza kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Hapo moto ukawaka. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Mlimani waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga. Mwalimu aliwasikiliza, halafu akawaka. Aliona linazaliwa tabaka la wasomi wanaodai minofu na kuwasahau wakulima waliowasomesha. Akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 akawarudisha makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Wengi wa waliofukuzwa walirudi chuoni baadaye. Lazima ya JKT ilidumu hadi 1994, ikasimamishwa, ikarejea 2013.

Mimi mtoto wa Iramba, kisa hiki kinanigawa. Kufukuza wanafunzi kwa sababu wamesema, hapana. Na yeye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki! Chuo ambacho mwanafunzi anaogopa kufungua mdomo kimebaki majengo tu.

Ila swali lake silikwepi. Kule kwetu mama anauza alizeti zake, akinunua sabuni analipa kodi, na kwenye kodi hiyo ndimo linamotoka bumu tunalolisubiri kila muhula. Hajawahi kuandamana kutudai. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999, lakini deni halikuzikwa naye. Tukishavua majoho, tutamlipa mama yule kwa kazi gani, na wapi?