Nicolas Appert, Mpishi Aliyeutafutia Moto Kipimo

Kila msimu wa maembe unapofika mimi hupenda kwenda Garsen kumjulia hali shangazi yangu, ambaye shamba lake liko kando ya Mto Tana. Anayezijua sehemu zile ataniunga mkono nikisema kwamba Mwenyezi Mungu amewaneemesha watu wake kwa maembe, ngowe, boribo na dodo. Lakini neema isiyo na pa kuwekwa hugeuka hasara. Mvua ikinyesha na barabara ikakatika, malori ya wanunuzi hayafiki, na maembe huangukia chini ya miembe yakawa riziki ya nyani na nzi.

Shangazi alichoka kuyatazama yakioza, akaanza kuyachemsha rojo na kulitia katika chupa. Mwaka wa kwanza alichemsha kidogo tu. Siku chache baadaye chupa zikajaa povu, na mbili zikapasuka usiku hata watu wakadhani ni wezi. Mwaka wa pili akazidisha moto. Safari hii hakikuharibika kitu, ila rojo lilikuwa jeusi na ladha ya embe ilikwisha kabisa. Aliponieleza hayo nikamkumbuka Mfaransa mmoja wa zamani ambaye mashaka yake yalikuwa ni hayo hayo, nikamsimulia maisha yake. Leo nawasimulia na nyinyi.

Nicolas Appert alizaliwa mwaka 1749 katika mji wa Châlons-sur-Marne. Vitabu vingine humwita François. Hilo ni kosa ambalo waandishi wamenakiliana. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, basi kijana akakulia jikoni. Alikuwa mpishi katika nyumba za wakubwa huko Ujerumani, kisha mwaka 1784 akafungua duka la vitu vitamu mjini Paris. Mimi nadhani kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomfunza zaidi. Mpishi wa halua wa Lamu au Mombasa analijua jambo hili bila ya kufundishwa shuleni: ukiiepua mapema haishikani, ukichelewa inakuwa ngumu, na baina ya hayo mawili pana muda mdogo ambao ndio kazi yenyewe.

Zama zile Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi na vita, na Appert mwenyewe alionja jela mwaka 1794. Watu walihifadhi chakula kwa chumvi, siki, sukari, moshi au jua. Njia hizo ni nzuri, hata sisi tunakula ng'onda, lakini nani atasema ng'onda ni sawa na samaki aliyetoka baharini asubuhi? Appert alitaka njegere za kiangazi ziliwe wakati wa baridi na ladha yake ile ile.

Alianza majaribio yake kiasi cha mwaka 1795. Alitia chakula katika chupa nene za kioo, akaziba kwa nguvu kwa vizibo vya gome la mti, akavifunga kwa waya. Kila chupa aliivika mfuko wa nguo ili ikipasuka vipande visitawanyike, kisha akazipanga katika sufuria kubwa ya maji na kuzichemsha.

Hapo ndipo ulipo ujanja wake. Maji yakishachemka, hata ukiongeza kuni joto lake halizidi. Kwa hivyo moto aliukwisha kuufunga pahala pamoja, ikabaki kutafuta jambo moja tu, nalo ni muda. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hujui lipi lililokuponza. Alikwenda hivyo chakula baada ya chakula, mwaka baada ya mwaka. Njegere, aliona, zataka saa moja na nusu hali ya hewa ikiwa ya baridi, na saa mbili kukiwa na joto na ukavu. Matunda laini yalitosheka na muda mdogo sana.

Jeshi la majini la Ufaransa lilivijaribu vyakula vyake likavisifu. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti achapishe siri yake, naye akaichapisha kitabu, yeyote asome. Mwaka huo huo huko Uingereza Peter Durand alijipatia hati ya kumiliki njia kama hiyo, pamoja na makopo ya bati, na utajiri wa makopo ukaenda kwingine. Karakana ya Appert huko Massy iliharibiwa na majeshi yaliyoivamia Ufaransa vita vya Napoleon vilipokuwa vikimalizika. Alikufa mwaka 1841, umri wake miaka 91, akazikwa katika kaburi la mafukara.

La ajabu ni kwamba alikufa bila ya kujua kwa nini njia yake inafaa. Katika miaka ya 1860 ndipo Louis Pasteur alipobainisha kazi ya vijidudu katika kuoza na kuchacha kwa vyakula. Appert alikuwa na kipimo kabla ya kuwa na sababu.

Shangazi alisikiliza, akauliza maswali machache, kisha akafanya vyake. Alilitia rojo ndimu, akaziba chupa, akazigawa mafungu manne: dakika 10, 20, 30 na 40 katika maji yachemkayo. Kila chupa akaiandika kwa mkaa. Fungu la 10 lilitoa povu, la 40 lilikuwa kahawia. Baina ya 20 na 30 tulibishana mimi naye, na akashinda yeye: 20.

Jirani mmoja Muorma aliposikia akaja na maziwa, akitaka yafanywe vivyo hivyo. Hapo ilinibidi nikatae, nami nawaonya wasomaji pia. Embe lenye ndimu lina ukali unaosaidia moto. Maziwa, nyama na samaki hayana ukali huo, na kuna kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili maji yachemkayo kisha hutoa sumu ya kuua ndani ya chombo kilichozibwa, pengine bila ya harufu yoyote. Viwanda huvipika vyakula hivyo katika mitambo ya kubana mvuke, kwa joto la nyuzi 121 au karibu yake, na muda wake umepigiwa hesabu. Sufuria ya shangazi haifiki huko.

Chupa za dakika 20 tulizifungua Ramadhani, wakati wa kufuturu, na wageni wakauliza maembe yale yametoka wapi. Moja ameibakiza juu ya rafu, haigusi mtu. Anataka kuona kama itaufikia msimu ujao.