Robins: Msomi aliyefichua siri ya mtutu wa gobore

BENJAMIN Robins, mwanahisabati aliyezaliwa Bath, Uingereza, mwaka wa 1707, alipima kasi ya risasi kwa kuifyatulia kwenye ubao mzito uliotundikwa ukaning'inia. Katika kitabu chake cha 1742 alieleza kuwa mtutu mrefu huipa gesi ya baruti nafasi zaidi ya kuisukuma risasi.

Hata hivyo, urefu pekee haukuleta shabaha, kwani risasi ya mviringo ilijizungusha ovyo ikapotoka. Ili kuthibitisha, aliupinda mdomo wa mtutu kushoto. Risasi ikaanza kushoto, kisha ikageukia kulia.

Dawa aliyopendekeza ni mtutu wenye mifereji ya kuizungusha risasi sawasawa. Alifariki India mwaka wa 1751, na majeshi ya Ulaya yakakawia takriban karne nzima kabla ya kuufuata ushauri wake.