Akseli Gallen-Kallela: Mchoraji wa Theluji Chini ya Jua la Kenya

Nchini Ufini, jina la Akseli Gallen-Kallela halitenganishwi na Kalevala, utendi ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka vinywani mwa manju wa vijijini na kuuchapisha mwaka 1835, kisha kwa upana zaidi mwaka 1849. Wafini wengi wanapowawaza mashujaa wa utendi huo, huziona nyuso alizozichora yeye. Lakini msanii huyu aliwahi pia kuishi Kenya, na jambo hili halitajwi sana hapa kwetu.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 mjini Pori, Ufini ikiwa chini ya Dola ya Urusi. Nyumbani kwao kulizungumzwa Kiswidi, naye akapewa jina Axel Gallén. Mwaka 1907 alilibadili rasmi likawa la Kifini. Halikuwa pambo tu: Kifini kilikuwa lugha ya wengi iliyokaa muda mrefu nje ya milango ya ofisi na vyuo.

Alianza masomo ya uchoraji Paris mwaka 1884, na mwaka 1890 akamwoa Mary Slöör. Binti yao Marjatta alifariki kwa dondakoo mwaka 1895, baba akiwa Berlin. Tangu hapo mistari yake ikawa mikali, na mauti yakaikaribia turubai. Katika mchoro wake wa mwaka 1897, mama ameketi kando ya maiti ya mwanawe Lemminkäinen kwenye ufuo wa mto wa wafu.

Mwaka 1909 alifunga safari ya Kenya pamoja na Mary na watoto wao, Kirsti na Jorma. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu ianze kama kituo cha reli. Huku, mkono uliozoea theluji na misitu ya misonobari ulikumbana na jua la utosini. Aliyoyaona aliyajibu kwa rangi za mafuta zisizopunguzwa ukali: nyekundu, manjano na zambarau, zikipakwa haraka kwa brashi nzito. Rangi za akriliki, ambazo hukauka upesi, hazikuwapo enzi hizo. Alichora Mlima Kenya, mbuga, wanyama na Wakikuyu, na kwa jumla alirudi na picha zipatazo 150.

Hakuwa mgeni asiye na doa. Alikuwa mwindaji wa wanyama wakubwa, na aliishi humu kwa fursa alizopewa Mzungu na utawala wa kikoloni, wakati wenyeji wakinyang'anywa ardhi ile ile aliyoichora iking'aa. Yeye aliyejua thamani ya masimulizi ya kwao alikuja hapa zaidi kwa macho kuliko kwa masikio.

Alirejea Ufini mwaka 1911, akaanza kujenga nyumba yake ya Tarvaspää, karibu na Helsinki. Lakini kumbukumbu za Kenya hazikumtoka. Kitabu chake kuhusu Afrika kilitoka mwaka 1931, takriban miaka ishirini baada ya safari. Mwaka huo huo, tarehe 7 Machi, alifariki kwa homa ya mapafu mjini Stockholm, akiwa njiani kutoka Copenhagen alikokwenda kutoa mhadhara. Tarvaspää iligeuzwa makumbusho mwaka 1961. Mkenya anayetaka kuuona mlima wake jinsi ulivyochorwa na Mfini huyo hulazimika kuufuata huko kaskazini.