Paul de Vivie

Paul de Vivie (Pernes-les-Fontaines, Ufaransa, 29 Aprili 1853 – Saint-Étienne, Ufaransa, 1930), aliyejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi Vélocio, alikuwa mfanyabiashara, mhariri na mwendesha baiskeli wa Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa kutetea baiskeli zenye gia za kubadilisha, wakati watu wengi walipoziona kuwa msaada kwa wanyonge.

Maisha

De Vivie alikuwa akifanya biashara ya hariri alipopata baiskeli yake ya kwanza mwaka 1881, ya aina ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele. Mwaka 1887 aliacha biashara hiyo, akafungua duka la baiskeli mjini Saint-Étienne na kuanzisha gazeti ambalo baadaye liliitwa Le Cycliste. Hakula nyama. Aliwafundisha wasomaji wake kula kabla ya kuhisi njaa, kunywa kabla ya kiu, na kutoendesha kwa ajili ya kujionyesha.

Kazi yake juu ya gia

Karibu na Saint-Étienne kuna njia ya mlimani iitwayo Col de la République, inayofikia kimo cha mita 1161. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 De Vivie alikuwa akipanda njia hiyo kwa baiskeli ya gia moja alipopitwa na kijana aliyekuwa akivuta kiko. Alijua kwamba gia nyepesi ingemsaidia kupanda, lakini kwenye tambarare ingemfanya azungushe miguu sana bila kupata mwendo. Suluhisho lake la kwanza lilikuwa kufunga magurudumu mawili ya meno kwenye pedali. Ili kubadilisha gia ilimbidi ashuke na kuhamisha mnyororo kwa mkono.

Hakuwa mvumbuzi pekee wa gia, kwa kuwa mafundi wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wakijaribu mbinu mbalimbali. Mchango wake ulikuwa kuzijaribu mwenyewe katika safari ndefu na kuandika matokeo.

Upinzani

Mwaka 1902 chama cha Touring Club de France kiliandaa majaribio ya milimani. Marthe Hesse, mwanamke aliyeendesha baiskeli ya Gauloise yenye gia tatu, alimshinda Edouard Fischer, mwanamashindano hodari aliyetumia gia moja. Hata hivyo Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka uliofuata, alishikilia kwamba gia zinawafaa watu waliozidi umri wa miaka 45, na kwamba ushindi upatikane kwa nguvu za misuli. Vihamisha mnyororo viliruhusiwa kwa washindani wote wa Tour de France mwaka 1937 tu, miaka saba baada ya kifo cha De Vivie.

Gia ya nyuma leo

Katika baiskeli ya milimani ya kisasa, waya huvuta mkono wenye springi, nao husogeza mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine bila mwendeshaji kushuka. Gia isipoingia vizuri, fundi hutazama kwanza kama kishikio cha mkono huo kimepinda baada ya baiskeli kuanguka. Kisha hukagua kama waya una kutu au uchafu ndani ya ala yake, ndipo aukaze au kuulegeza kidogo kidogo. Mnyororo ukianguka upande wa spoki, skrubu ya kikomo huwa imelegea. Mnyororo uliochakaa huruka meno hata kama waya ni sawa.

Hoja ya De Vivie inaeleweka pia Afrika Mashariki. Mkoani Tabora, kwa mfano Igalula kwenye reli ya kati, nchi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na baiskeli ya gia moja hubeba watu na mizigo katika eneo ambalo zamani wapagazi wa misafara walipita kwa miguu. Huko gia moja inatosha, na haina waya wa kuingiwa vumbi. Kwenye miteremko ya Uluguru au Usambara hali ni tofauti.

Kifo na kumbukumbu

De Vivie aligongwa na tramu mjini Saint-Étienne mwaka 1930 akiwa anasukuma baiskeli yake, akafariki. Mnara wa kumbukumbu yake uko Col de la République, na kila mwaka waendesha baiskeli hupanda mlima huo kwa heshima yake, wengi wao wakitumia gia alizozitetea.