Baden-Powell, askari aliyefundisha watoto kutumikia

Mu Maniema, mutoto akivaa yunifomu, wazazi wanaogopa. Tangu vita ya Simba mwaka 1964 hadi vita zilizofuata, watoto wengi walipewa bunduki mbele ya kupewa kalamu. Lakini kuna yunifomu ingine: shati, kaptula na fulari ku shingo. Mutoto skauti wa Kibombo anajua jina la Baden-Powell, sababu kila tarehe 22 mwezi wa pili, maskauti wa dunia yote wanakumbuka siku alizaliwa. Maisha yake, wengi hatuyajui. Alikuwa askari, na njo sababu historia yake inatugusa sisi watu wa huku.

Robert Baden-Powell alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1857. Baba yake alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 3 tu, mama akabakia na mzigo wa watoto wengi. Ku masomo hakuwa wa kwanza. Alipenda kutoroka kwenda mu pori karibu na masomo, kufuata nyayo za wanyama na kupika bila moshi ili walimu wasimuone. Mwaka 1876 aliingia jeshi, wakamutuma Uhindi. Kule alianza kufundisha askari mu vikundi vidogo, kila mutu ajifunze kuona na kuamua yeye mwenyewe.

Kisha ikakuja vita ya Waingereza na Makaburu mu Afrika ya Kusini. Tangu mwezi wa kumi 1899 hadi mwezi wa tano 1900, siku 217, Makaburu walizunguka mji wa Mafeking, na Baden-Powell njo alikuwa mukubwa wa askari ndani. Watu wazima walikuwa kidogo. Basi musaidizi wake akakusanya vijana, akawapa kazi ya kupeleka barua, kulinda na kusaidia mu hospitali. Hawakupewa bunduki. Walipiga pedali za kinga mu mji huku mizinga inaanguka, na barua zilifika. Baden-Powell aliona kitu ambacho hakukisahau tena: mutoto ukimupa kazi ya kweli na ukimuamini, anaifanya.

Tusifiche ingine upande. Mu ule mji, chakula kilipopungua, watu weusi njo walikufa na njaa zaidi, na sifa zikaenda kwa Waingereza. Hata nyuma, chama cha skauti cha Afrika ya Kusini kiliweka watoto weusi kando kwa muda murefu. Baden-Powell alikuwa mutu wa ukoloni. Kile alianzisha kilikuwa kikubwa kumupita.

Aliporudi Uingereza, watu walimupokea kama shujaa. Akashangaa kuona kitabu alichoandikia askari, walimu wanakitumia kufundisha watoto. Akajiuliza: juu ya nini ile akili ya vita isigeuzwe akili ya amani? Mwezi wa nane 1907 akapeleka vijana karibu 20 ku kisiwa cha Brownsea. Wengine watoto wa matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi, wote mu kambi moja. Akawagawa mu vikundi vine, na kila kikundi kikawa na mukubwa wake, kijana mwenzao, mwenye kujibu juu ya wenzake. Kila butu kikundi kimoja kilipewa unga, nyama, mboga na majani ya chai, kikaenda kulala peke yake, kikapika na kulinda. Hakuna mutu muzima wa kuwapikia. Yule mukubwa mudogo alijifunza ile butu kwamba kuongoza ni kuangalia kama wote wamekula, na kama moto hauzimike.

Mwaka 1908 alitoa kitabu juu ya ile kazi, na vijana wakaanza kujiunga wao wenyewe mbele hata chama hakijapangwa vizuri. Mwaka 1909 wasichana nao wakajitokeza ku mukutano bila kualikwa, wakapata chama chao mwaka 1910. Ule mwaka Baden-Powell akaacha jeshi, akabakia na vijana. Mwaka 1912 akaoa Olave, aliyekuja kuongoza wasichana. Mwaka 1920 vijana wa inchi nyingi walikusanyika London, wakamutangaza Mukubwa wa maskauti wa dunia.

Uzee aliumalizia upande wetu wa Afrika. Mwaka 1938, mwili ukiwa umechoka, alihamia Nyeri, mu Kenya, karibu na mulima Kenya. Kule alikufa tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941, wakati dunia ilikuwa mu vita ingine. Ku kaburi lake kuna muviringo wenye nukta katikati. Kwa maskauti, ile alama ya njia inasema mutu amekwisha kurudi kwake.

Basi, wazazi na viongozi wa Kibombo, hii historia inatuambia nini? Kufunga fulari peke yake hakutoshe. Mutoto apewe kazi: kusafisha chemchem, kubebea mama mzee kuni, kuongoza wenzake 6 ao 7 na kujibu juu yao. Tena tumuache akosee, kisha arudilie. Kijana anatafuta mutu wa kumuamini, na atafuata yule anayemupa kazi wa kwanza. Kama hatukufika sisi, mwenye bunduki atafika.