Mackay, Fundi wa Mashua Katika Ziwa Nalubaale

Mtu apandaye kutoka Kisugu hadi kileleni Muyenga, siku isiyo na ukungu, huliona ziwa limetandaza maji yake upande wa Ggaba na Port Bell, akadhani li karibu kiasi cha kuligusa. Labda ndiyo sababu baadhi ya majirani zetu, wasio wavuvi wala wana wa wavuvi, wameingiwa na shauku ya kumiliki mashua na kwenda kuvua sangara kwa mshipi siku za mapumziko, si kwa ajili ya soko bali kwa burudani tu. Mmoja wao alituomba tumsindikize kuikagua mashua aliyokwisha kuitolea arubuni. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, na injini yake iling'aa. Mwenzetu mmoja akatoa kisu kidogo mfukoni, akakidunga katika ubao wa tezi, mahali injini ilipofungiwa. Kisu kikazama kama kiingiavyo katika papai lililoiva. Jirani yetu alirudi Kisugu bila mashua na bila arubuni yake, na kwa muda wa mwezi mzima alitununia sisi badala ya kumnunia muuzaji.

Tukio hilo lilitukumbusha maisha ya Alexander Mackay. Wakazi wa Kampala humjua marehemu huyu kwa karakana yake ya Nateete, kwa mtambo wake wa kupigia chapa, na kwa kuwa alikuwako katika siku za mashahidi wa Buganda. Wachache hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya miaka yake 14 ya Afrika Mashariki ilitumika katika kupima, kuunganisha na kuponya vyombo vya majini, na kwamba wenzake wawili walipoteza roho zao katika kisa ambacho ndani yake mlikuwamo jahazi lililonunuliwa.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa. Mzee huyo alimfundisha mwanawe nyumbani, naye kijana akapenda zaidi kuzitazama mashine na kazi za wahunzi kuliko michezo ya rika lake. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin katika kiwanda cha mashine. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo lilimfaa baadaye kuliko vyeti vyake: kutoiamini mashine kwa sura yake, bali kwa viungo vyake.

Mwaka 1875 msafiri Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa, akaandika barua ya kuwaita walimu, nayo ikachapishwa katika gazeti la London mwezi Novemba mwaka uleule. Chama cha Church Missionary Society kikatuma kundi la watu wanane, na Mackay, mwenye umri wa miaka 26, akawa mmoja wao. Waliondoka Uingereza mwezi Aprili 1876.

Tangu mwanzo shida yao ilikuwa vyombo. Walikuja na mashua ya mvuke iliyoitwa Highland Lassie, kwa matumaini kwamba mito ya pwani ingewafikisha mbali barani na kuwapunguzia wapagazi. Mackay aliujaribu mto Wami, kisha Kingani. Wami ulijipinda kama nyoka, na maji yake hayakuwa na kina cha kutosha. Chombo kilikuwa kizuri. Maji ndiyo hayakuwa yake. Kosa hili hurudiwa hata leo na mtu anayenunua mashua yenye mkuku mrefu, iliyoundwa kwa ajili ya bahari ya kina, kisha akataka kuiingiza katika matete ya ghuba zetu.

Chombo cha pili kiliitwa Daisy. Hii ilikuwa mashua iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande, ili ichukuliwe na wapagazi kutoka pwani hadi Kageye, upande wa kusini wa ziwa, na huko iunganishwe. Mackay hakuwapo ilipounganishwa. Homa ilikuwa imemrudisha pwani mwishoni mwa 1876, na mwaka uliofuata alishughulika na kufungua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Wenzake, Luteni Shergold Smith, O'Neill na Wilson, ndio walioishughulikia Daisy, nayo ikawafikisha Smith na Wilson Buganda mwishoni mwa Juni 1877.

Lakini mashua moja haikutosha. O'Neill alibaki nyuma, na huko Ukerewe wakanunua jahazi kutoka kwa mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro, ambaye alikuwa akiliunda katika nchi ya mtemi Lukonge. Bila shaka walilitazama jahazi lenyewe, mbao zake na urefu wake. Jambo gumu zaidi kulikagua lilikuwa hali ya muuzaji mbele ya mwenye nchi. Mwezi Desemba 1877 ugomvi wa Lukonge na Songoro ulilipuka. Songoro alikimbilia kwa Wazungu hao, wao wakakataa kumtoa, na Smith na O'Neill wakauawa pamoja naye. Sababu za ugomvi zilisimuliwa kwa namna nyingi, nasi hatutaki kuwa mahakimu wa jambo la miaka hiyo. Tunaona tu kwamba mnunuzi wa chombo hujikuta amesimama katikati ya shughuli za muuzaji, apende asipende. Ndiyo maana tunashangaa tunapowaona watu wakichunguza injini kwa saa nzima, bila kuuliza hata mara moja kama mashua ina hati, na kama hakuna mwingine anayeidai.

Mackay alifika Kageye mwezi Juni 1878. Aliikuta Daisy imeachwa ufukoni, mbao zake zimepasuka kwa jua. Kabla ya safari ya Buganda alikwenda Ukerewe, bila silaha, akaonana na Lukonge ili kusikia habari ya vifo vya rafiki zake na kuondoa hofu ya kisasi. Aliporudi salama, akaigeukia mashua. Yeyote aliyepata kuona chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu misimu miwili anajua kazi iliyomkabili: ubao hukauka na kunywea, kalafati hutoka katika maungio, na chombo kilichoonekana kizima juu ya mchanga hunywa maji kama kikapu mara kinapoteremshwa.

Wilson alikuja kumchukua, na mwezi Agosti wakatweka tanga. Baada ya siku chache dhoruba iliwakamata, mawimbi yakaisukuma Daisy hadi ufuko wa magharibi, ikavunjika. Wenyeji wa mahali pale waliwapokea vizuri. Mackay alikagua mabaki, akafanya jambo ambalo tunaliona kuwa ushahidi bora wa akili yake ya ufundi. Hakujaribu kuziba kila tundu. Alikata futi 8 za katikati ya mashua na kuziondoa, akazitumia mbao zake kuponya omo na tezi, kisha akazivuta ncha mbili zikakutana. Kazi hiyo ilichukua majuma 8. Mashua ikawa fupi, isiyopendeza labda, lakini ikaelea. Na mwanzoni mwa Novemba 1878 ikamfikisha Buganda.

Tumelitafakari sana jambo hili. Mackay alijua kwamba chombo hufa kuanzia ncha zake na maungio yake. Tumbo la mashua hubeba mzigo, lakini omo ndiyo ipigwayo na wimbi, na tezi ndiyo ichukuayo usukani. Siku hizi ndiyo ichukuayo pia injini, ambayo huutikisa ubao ule saa zote. Katika mashua za faibaglasi ugonjwa huwa umefichika zaidi, kwa kuwa ubao wa tezi mara nyingi umefunikwa ndani ya ganda. Hapo kisu hakifai; mtu hugonga kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo ndogo, na mahali sauti inapokuwa nzito na iliyokufa, pana maji au pameachana.

Mitumbwi ya Waganda aliyoikuta ziwani ilikuwa na elimu yake. Mkuku wake ulichongwa kutoka mti mmoja mrefu, na mbao za ubavuni zilishonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari. Ilivuja, na mtu wa kukumba maji hakupumzika. Lakini uzi ukikatika, mpya ulipatikana katika msitu wa jirani. Daisy ilipovunjika haikuwa na ghala la vipuri ila mwili wake wenyewe. Nasi twadhani thamani ya chombo imo pia katika swali la nani atakitengeneza na kwa vifaa vya wapi.

Katika Buganda Mackay alifua chuma, akapiga chapa vitabu, na mwaka 1882 akaunda majeneza makubwa ya mbao na shaba kwa mazishi ya Namasole, mama yake Mutesa. Mwaka 1883 alikwenda tena kusini mwa ziwa kuunganisha mashua nyingine, Eleanor. Mutesa alifariki mwaka 1884, akafuatiwa na Mwanga. Januari 1885 vijana watatu wa Kikristo waliuawa, na mwaka 1886 wengi wakauawa Namugongo. Mackay alibaki hadi Julai 1887, alipotakiwa kuondoka, akavuka ziwa hadi Usambiro.

Huko alianza kazi aliyoitamani tangu siku za mto Wami, yaani mashua ya mvuke kwa ajili ya ziwa. Safari hii hakutaka mbao za kubebwa kutoka ng'ambo. Alikata miti ya nchi ile, akaipasua, akatengeneza gari la kukokotea magogo, akashughulikia birika la mvuke kwa mkono wake. Stanley, alipopita Usambiro mwaka 1889 akiwa na msafara wake, alimkuta katika shughuli hizo. Chombo cha mvuke cha William Mackinnon, kilicholetwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, hakikushushwa majini hadi mwaka 1900.

Mackay hakuiona mashua yake ikielea. Homa ilimshika, akafariki mwezi Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwenzake aliyekuwa naye Usambiro alichukua mbao zilizokwisha kupasuliwa kwa ajili ya mashua ile, akaunda jeneza, akamzika kando ya kaburi la Askofu Parker. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe.