Bizzozero na visahani vya damu

Ukijikata kidole ukimenya ndizi, damu hutoka kisha hukoma yenyewe. Aliyetuonyesha sababu ni daktari Giulio Bizzozero.

Alizaliwa Varese, Italia, mwaka 1846, akahitimu udaktari Pavia akiwa na miaka 20. Mwaka 1868 alionyesha kuwa chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadaye, akifundisha Torino, alichungulia kwa hadubini mishipa ya wanyama hai. Wengine walikuwa wameziona chembe ndogo kabisa za damu kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeona, mwaka 1881 na 1882, kuwa mshipa ukijeruhiwa chembe hizo hujibandika pale na kuziba tundu. Aliziita visahani, nasi twaziita chembe sahani.

Macho yalipomsumbua aliiacha hadubini, akageukia kupigania afya ya jamii. Alifariki Torino mwaka 1901.

Baada yake tulijifunza kuwa chembe sahani za watu hazifanyi kazi sawa. Mwaka 1918, daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, alieleza ugonjwa wa kurithi ambao chembe hizo zinatosha kwa idadi, ila hazishikamani vizuri. Kwa hiyo mwanao akitokwa damu puani mara kwa mara, fizi zikivuja au akivilia damu bila kugongwa, mpeleke kwa daktari. Kipimo cha idadi kikiwa sawa na damu ikaendelea kumtoka, rudi ukamweleze.

Nawe unayekwenda kumchangia damu mgonjwa wako Hospitali ya Mount Meru, taja kila dawa uliyomeza. Dozi moja ya aspirini hulemaza chembe sahani kwa maisha yake yote, siku 7 hadi 10, hata kama wewe mwenyewe hujisikii lolote. Mtoto anayevuja damu akipewa chembe hizo pekee, huenda zisimsaidie. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza daktari. Sema tu ukweli.

Kumbuka pia kuwa chembe sahani zikishatengwa hazikai kwenye jokofu kama damu nyingine. Kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, zikitikiswa taratibu, kwa siku 5 hivi tu. Ndiyo maana wachangiaji wanahitajika kila wiki, si siku ya msiba pekee.